Uzi unaopita ndani

Mfuko wa kufuma kwa kroshia ukitaka kuujua, utie kilo tano za mchele, nazi mbili na lita ya mafuta, kisha uubebe kutoka sokoni mpaka kituo cha daladala. Mingi inayosifiwa mitandaoni haifiki. Picha zake zinavutia, sikatai, ila ikishatiwa mzigo inaanza kurefuka: matundu yanapanuka, kitunguu kinachungulia, mkanda unavutika mpaka kitako cha mfuko kinakugonga goti.

Sina ugomvi na mifuko ya wavu. Kwa machungwa na taulo la ufukweni inafaa, na inafumika haraka. Ninaouzungumzia hapa ni mwingine: mnene, unaosimama wenyewe mezani hata ukiwa mtupu, wenye nakshi za rangi mbili au tatu zilizofumwa humo humo, si kutariziwa juu baada ya kazi kwisha. Watu wakiuona husema, "Umeufuma imara, halafu ukautia na urembo." Ni kinyume chake. Urembo ndio unaoupa uimara. Uzi wa rangi ya pili, pale usipoonekana, haujakatwa wala haujaachwa uning'inie kwa nyuma. Unapita ndani ya mashono, mzunguko mzima, ukijaza na kukaza. Fuma mfuko huo huo kwa rangi moja na uzi mmoja, kwa sindano ile ile, na utaona unavyolegea.

Kufuma kwa kroshia kwetu si jambo la juzi. Aliyekulia kwenye nyumba yenye makochi miaka ya 1980 na 1990 anavijua vitambaa: vya kuegemeza kichwa, vya mikono ya kochi, cha juu ya redio, cha meza, na kile kikubwa cha kufunikia televisheni isipate vumbi. Mama zetu walivifuma barazani, kwenye foleni ya hospitali, kwenye basi la mkoani. Wengine walifundishwa shuleni kwenye sayansi kimu, wengine na masista wa misheni, wengi na jirani tu. Kwa hiyo mkono upo. Ila vitambaa vile ni kazi ya uzi mwembamba na matundu. Uzuri wake uko kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Mfuko wa sokoni unataka nafasi hizo zizibwe, na hapo hata fundi wa vitambaa wa miaka mingi inabidi azoeze mkono upya.

Mahitaji nayo yapo. Rwanda walianza kuikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo rambo tulilolizoea limetoweka kaunta, na mahali pake tumepewa mifuko mbadala, ile laini inayofanana na kitambaa lakini haikufumwa wala kushonwa vizuri. Nayo, kwa taarifa yako, ni plastiki: nyingi hutengenezwa kwa polipropilini. Mkanda wake ukitoka, na hutoka, mfuko unaishia kufutia meza.

Tuanze na uzi. Chagua pamba. Nyuzi za sweta, zile za akriliki, ni nafuu na rangi zake zinawaka, lakini zina tabia ya kuvutika, na zikishavutika na mzigo hazirudi zilikotoka. Pamba ni nzito na haina mnyumbuko, na kwa mfuko hiyo ndiyo sifa. Kwenye maduka ya nyuzi Kariakoo utakuta pamba nyembamba ya vitambaa na ile nene zaidi. Chukua nene, au unganisha nyuzi mbili nyembamba uzifume kama mmoja. Kwa mfuko wa kawaida hesabu karibu gramu 400. Ni uzi mwingi, maana wakati wote unabeba nyuzi mbili huku unaonesha mmoja.

Kabla ya kununua wa kutosha, nunua donge moja la kila rangi ulijaribu nyumbani. Kata kipande cha uzi mwekundu, kiloweke kwenye maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, ukikamue, uache mpaka kikauke. Kitambaa kikipata uwekundu, uzi huo usiuweke karibu na mweupe, hata muuzaji akuapie. Na habari za kuizuia rangi isichuje kwa kuloweka kwenye chumvi na siki ni za vijiweni. Siki husaidia rangi za sufu na hariri. Pamba hupakwa rangi kwa njia nyingine, na inayochuja itaendelea kuchuja. Nasisitiza kwa sababu rangi ambazo kila mtu wa pwani anazitamani kwanza ni zile za kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ndizo zenye hatari kuliko zote zikikaa pamoja.

Sindano nayo iwe ndogo kuliko inavyoandikwa kwenye lebo ya uzi. Lebo ikisema milimita 4, shika 3. Vidole vitalalamika siku za mwanzo. Uzi wa ndani hufichika tu shono likiwa limebana. Sindano ikiwa kubwa, ule mweusi unachungulia katikati ya mweupe na nakshi yote inaonekana chafu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo pananifurahisha. Kitako cha duara huanzia kwenye mashono sita, kisha kila mzunguko unaongeza sita: 6, 12, 18, 24, na kuendelea. Ukiongeza pungufu, kitako kinajikunja kama kofia; ukizidisha, kinafanya mawimbi. Ukifika mzunguko wa 24 una mashono 144. Acha hapo kuongeza, panda juu moja kwa moja. Kwa uzi na sindano nilizotaja, mashono mawili ni takriban sentimita moja, kwa hiyo mzingo ni sentimita 72, na mfuko ukilazwa una upana wa sentimita 36. Hapo kanga inaingia, daftari kubwa linaingia, na mchele unaingia.

Naipenda 144 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9, 12, 16, 18 na 24. Nakshi yoyote inayojirudia kwa idadi hizo itaanza na kuisha bila kukatika ubavuni. Ukiwa na nakshi ya mashono 10 utapata shida, na hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa, kwa sababu shida iko kwenye hesabu. Na mahali pa kuongezea mashono kwenye kitako pasipangane mstari mmoja juu ya mwingine, la sivyo duara linageuka kuwa na pembe sita. Sogeza kidogo kila mzunguko.

Shono ni lile fupi: ingiza sindano, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili kwenye sindano, vuta tena upite katika vyote viwili. Basi. Anayefuata maelekezo ya wageni aangalie kwanza yameandikwa wapi, kwa sababu Mmarekani na Mwingereza hawaiti mashono kwa majina mamoja, na lile ambalo mmoja analihesabu la kwanza mwenzake analihesabu la pili. Wapo waliofuma mfuko mzima kwa shono refu kwa sababu hiyo, wakashangaa mbona unapitisha mwanga.

Kubeba uzi wa pili: ulaze juu ya mashono ya mzunguko uliopita, halafu fuma ukiuzunguka, ili ubaki tumboni mwa mashono mapya. Kila baada ya mashono machache uvute kidogo ukae sawa, kisha unyooshe kitambaa kwa vidole ili usije ukawa umekivuta kikakunjamana. Kubadili rangi ndipo wengi wanapopatia au kuharibu. Usisubiri shono la rangi mpya lianze. Badili kwenye shono la mwisho la rangi ya zamani: ingiza sindano, vuta kwa rangi ya zamani, vitanzi viwili vikishakaa kwenye sindano, hapo achia uzi wa zamani, shika mpya, malizia nao. Kitanzi kinachobaki kwenye sindano kinakuwa cha rangi mpya, na kichwa cha shono linalofuata kimeshapata rangi yake. Ukichelewa shono moja, kila mpaka wa nakshi unakuwa na meno.

Nyuzi zitasokotana, halikwepeki, ila zinapungua ukiwa na desturi moja: uzi mmoja uwe mbele daima, mwingine nyuma daima, na kila donge likae kwenye kopo lake. Na uzi wa pili uubebe tangu kwenye kitako, hata pale ambapo nakshi haijaanza, hata kwenye mizunguko ya rangi moja tupu. Watu huona ni ubadhirifu. Lakini mzunguko usio na uzi wa ndani ni mwembamba kuliko jirani zake, na mfuko ukitiwa mzigo unanyong'onyea pale pale.

Nakshi yenyewe huchorwa kwenye karatasi ya visanduku, kila kisanduku shono moja. Unaanzia chini, na kwa anayefumia mkono wa kulia, kila mstari unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Waliopita chuoni kwa maalimu hawapati tabu hapo. Anayefumia kushoto husoma kutoka kushoto; akisoma kutoka kulia, nakshi yake hutoka imegeuka. Kama si maandishi, haidhuru.

Tatizo halisi ni jingine, na maelekezo mengi hulipita kimya. Mashono mafupi yakifumwa kwa kuzunguka bila kugeuza kazi, hayakai juu ya mwenzake sawasawa. Kila mzunguko unakaa pembeni kidogo ya ule wa chini. Kwa anayefumia kulia, nakshi inaegemea kulia kadiri inavyopanda. Chora mstari wima kwenye karatasi, fuma mizunguko 60, na mstari wako umelala. Chora almasi, unapata almasi iliyosukumwa. Chora msikiti wenye mnara, na Mungu akusamehe.

Zipo dawa. Unaweza kufumia nyuzi ya nyuma tu ya kila kichwa cha shono badala ya zote mbili. Mlalo unapungua sana, ingawa kitambaa nacho kinalegea kidogo na uzi wa ndani unafichika kwa shida zaidi. Unaweza kubadili namna ya kuuchukua uzi kwa sindano, uuvute kwa chini badala ya kuuzungusha juu, mashono yakabana na kusimama. Au unaweza kusogeza mchoro wenyewe kushoto kwa shono moja kila baada ya mizunguko michache, ili mlalo na msogeo vifutane. Zote zinafanya kazi, na zote zinachosha.

Jibu ninalolitumia mimi nililipata kwa shangazi yangu wa kisiwa cha Mafia, ambaye kroshia hajawahi kuishika. Yeye ni msukaji wa ukili, ile mikanda ya majani inayoshonwa pamoja kuwa mkeka. Nilimkuta amekaa ukumbini, miguu ameinyoosha, ukindu uliochovywa rangi umelazwa kwenye kitambaa kibichi usikauke, ukili unamtoka mkononi na kujiviringa pembeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hicho nacho nini?"

"Mfuko. Ila nakshi inalala, tazama. Nataka isimame."

Aliushika, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mashono. Kisha akaniwekea ukili wake mapajani. "Humu kuna mwaa hata mmoja uliosimama? Yote imelala. Na mkeka unanyooka."

Ni kweli, na nilikuwa nimeikalia mikeka maisha yangu yote. Ukili husukwa kwa majani yanayokwenda mshazari, moja juu, moja chini, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kurudi. Hakuna jani linalokwenda wima. Ndiyo maana nakshi za mikeka yetu ni za mawimbi, meno ya msumeno, vishale na mistari iliyoinama: zimetokana na njia ya jani lenyewe. Msukaji wa ukili hapigani na mshazari. Anahesabu majani ya rangi atakayoyaingiza na mahali pa kuyaingizia, na nakshi inajipanga. Nilimuuliza anaichora wapi kwanza. Akacheka. Nilichokiona ni midomo yake ikihesabu bila sauti, na kila baada ya muda akirudisha jani moja jekundu nyuma kama mtu anayepunguza neno lililozidi.

Tangu hapo nakshi zangu nazichukua kwenye mikeka. Meno ya msumeno kwa kurudiwa kila mashono 12 yanaingia mara 12 kwenye mzingo wa 144. Mstari unaopanda kwa kusogea kulia shono moja kila mzunguko unalala zaidi, na unaosogea kushoto unasimama zaidi, kwa hiyo jino linakuwa na upande mrefu na upande mfupi. Kwenye karatasi ni sawa kwa sawa. Kwenye mfuko linaonekana linakimbia. Hakuna aliyewahi kuniambia limepinda. Wanasema ni la mkeka.

Walioifikisha kazi hii mbali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Wawayuu wa rasi ya La Guajira, mpakani mwa Kolombia na Venezuela. Mifuko yao ya duara, yenye mkanda mmoja mrefu wa begani, ndiyo iliyoenea duniani kiasi kwamba nakala zake zinauzwa kila mahali. Kwao ufumaji ulifundishwa na buibui, Walekerü, na nakshi zao zina majina ya vitu vya nyumbani na nyikani, mojawapo ikiwa ni gamba la kobe. Ile bora hufumwa kwa uzi mmoja mmoja badala ya kuunganisha mbili, nayo huchukua wiki nyingi. Na Guatemala, kwenye mji wa milimani wa Todos Santos Cuchumatán, wanaofuma mifuko ya kroshia ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Nalitaja hilo kwa ajili ya kaka fulani anayejifunza kwangu huku amefunga mlango.

Mikanda. Kitambaa cha kroshia huvutika kuelekea juu na chini kuliko kwenda pembeni, hasa chenye uzi wa ndani, kwa sababu uzi ule unakwenda pembeni, unakizuia kutanuka upande huo. Sasa fikiria mkanda. Ukiufuma kwa mistari mifupi, upana wa mashono manane unaopanda taratibu mpaka ufike urefu unaoutaka, uzito wote unavuta upande ule usiozuiwa na kitu, na mkanda utarefuka. Ufume kwa urefu. Piga mnyororo mrefu kama mkanda wote, fuma juu yake mistari sita au saba mirefu, na kila mstari ubebe uzi wa pili ndani. Nyuzi hizo sasa zinakwenda sambamba na mzigo, na zenyewe ndizo zinazoubeba. Anayebeba vitu vizito zaidi afumie juu ya kamba nyembamba ya katani, akiizunguka kama anavyouzunguka uzi. Katani haivutiki, na kwa kuwa imefunikwa na pamba haimkwaruzi mtu bega.

Mkanda usiishie kwenye ukingo wa mfuko. Uteremshe chini kwa sentimita tano au sita, ushone pande zote nne na msalaba katikati, kwa uzi wa kushonea viatu kama unao. Ukingo wenyewe umalizie kwa mizunguko miwili mitatu ya rangi moja, yenye uzi wa ndani uliovutwa kidogo zaidi, ili mdomo wa mfuko usipanuke.

Kisha bitana. Hapa nina msimamo ambao umenigombanisha na wafumaji wenzangu: mfuko wa sokoni usio na bitana haujaisha. Wao wanasema bitana inaficha upande wa ndani, ambao kwa kazi iliyofumwa vizuri ni safi karibu sawa na wa nje, na kuuficha ni kutojiamini. Mimi nasema mchele hauangalii. Mzigo unaovuta kwenda chini unavuta upande ule ule dhaifu, na bitana iliyokatwa fupi kidogo kuliko mfuko, sentimita moja au mbili, ndiyo inayopokea uzito kabla mashono hayajaupokea. Amerikani inatosha. Kitambaa hicho kimetusaidia tangu meli za Massachusetts zilipokuwa zinakishusha Zanzibar karne ya 19, na bado hakijapata mshindani kwa ugumu na bei. Kanga iliyochakaa ni nzuri kwa macho, lakini iliyochakaa imechakaa. Iwekee amerikani nyuma yake. Mfuko mdogo wa ndani kwa ajili ya simu na funguo ushonwe kwenye bitana kabla bitana haijaingia, vinginevyo utashonea humo humo gizani ukijichoma.

Kufua ni maji baridi na sabuni ya unga kidogo, bila kuloweka usiku kucha. Usiuning'inize kwenye kamba ukiwa na maji, maana pamba iliyolowa ni nzito na mfuko utarefuka kwa uzito wake wenyewe, kazi yote ya bitana ikapotea. Ulaze juu ya jamvi kivulini.

Bei ni mada ya kukatana mitama. Kwenye maonyesho mtu anashika mfuko, anauvuta, anautazama ndani, anasema, "Dada, elfu tano nichukue?" Simlaumu, analinganisha na alichokiona dukani. Ninachofanya siku hizi ni kumhesabia palepale. Kitako peke yake, mizunguko 24, ni mashono 1,800. Ubavu wa mizunguko 70 ni mashono 10,080. Bado mikanda. Kila shono limeingizwa sindano na mkono wa mtu, kwa sababu kroshia halisi bado haifumwi kwa mashine viwandani. Vinavyotoka kiwandani huiga tu sura yake. Wengine wakisikia hivyo wanauweka chini kwa heshima na kuondoka. Wengine wanakaa. Sijawahi kumshawishi mtu kwa neno "asili" au "utamaduni", ila elfu kumi na moja mia nane na themanini ni hesabu inayomfanya mtu autazame mfuko mara ya pili.

Nilio nao mkononi sasa ni wa mama mmoja wa Temeke aliyetaka maandishi kama ya kanga. Nilimkatalia kwanza. Mlalo wa mashono, ambao kwenye meno ya msumeno ni pambo, kwenye herufi ni ulevi. Akasema yeye halitaki pambo, analitaka jina, na jina analolitaka ni "Hasidi hana sababu", kwa sababu zake ambazo nilizisikiliza kwa dakika arobaini nikiwa nimeshika karatasi ya visanduku.

Kwa hiyo huu naufumia nyuzi ya nyuma tu, na mchoro nausogeza kushoto kila herufi inapofika katikati ya kimo chake. Herufi ndogo kabisa inayosomeka kwa mashono ni ya upana wa tano, na nafasi moja pembeni, yaani sita kwa kila herufi. Upande mmoja wa mfuko una mashono 72, sawa na herufi 12. Jina lake lina 18 ukihesabu na nafasi za kati. Nilimwambia haliingii, achague fupi, "Wacha waseme" linatosha barabara. Akakataa, akachukua kalamu yangu, akahesabu mwenyewe kwa ncha, akaona kwamba HASIDI HANA linakaa mbele na nafasi yake moja mwishoni, na SABABU linabaki lote kwa nyuma.

"Basi si vizuri," akasema. "Wa mbele wajiulize, wa nyuma wapate jibu."

SABABU inachukua mashono 36, yanabaki mengine 36, 18 kila upande wake. Hapo namwekea nakshi mbili za korosho kama za kanga, nyekundu juu ya nyeusi. Nyekundu hiyo nimeishailoweka, haichuji.